Mzee wa Korongo la Metztitlán

Ukitoka Jiji la Mexico ukaelekea kaskazini-mashariki na kuupita mji wa Pachuca, makao makuu ya jimbo la Hidalgo, barabara hukatiza nyanda za juu zenye baridi kisha ikatumbukia kwenye korongo. Hilo ndilo Barranca de Metztitlán. Chini kabisa mto umeacha udongo wenye rutuba, na wakulima wanapanda mahindi na maharage. Kuta za korongo ni kavu, za mawe ya chokaa, na jua linazipiga tangu asubuhi. Milima ya Sierra Madre ya Mashariki huzuia mawingu yatokayo Ghuba ya Mexico, kwa hiyo mvua inayofika huku ni masalio tu, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba. Juu ya kuta hizo, mahali ambapo udongo ni kiasi cha kujaza ufa wa jiwe, zimesimama nguzo za kijani zenye mvi kichwani. Nyingine zina urefu wa mita 10 au 12. Chache hufika 15.

Wataalamu wanauita mmea huu Cephalocereus senilis. Wenyeji wanauita viejito, yaani kizee. Mwingereza Adrian Hardy Haworth ndiye aliyeuandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1824, na mwaka 1838 Mjerumani Ludwig Pfeiffer akauundia jenasi yake. Tangu hapo umekuwa miongoni mwa madungusi yanayotafutwa sana na wapenzi wa mimea. Watu wanaununua kwa ajili ya nywele zake, kisha wengi wao wanauua kwa maji kabla mwaka haujaisha. Wanautunza kama pambo la sebuleni, ilhali ni mmea wa ukuta wa chokaa. Ndiyo maana sura hii imeanzia korongoni: karibu kila swali ambalo mtunzaji wa dungusi hili atajiuliza, jibu lake liko kule.

Kabla ya kwenda mbali, lipo jambo la kuwekwa wazi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mieforbia mikubwa inayoufanya msitu ulio kando ya Ziwa Nakuru uonekane kama picha ya Mexico si madungusi. Wala minyaa inayopandwa kuzungushia maboma na mashamba si madungusi. Ni mimea ya ukoo mwingine kabisa, iliyopata umbo linalofanana kwa sababu ilikabiliwa na ukame uleule. Eforbia ukiikata hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi na ambao ni hatari sana ukiingia jichoni; dungusi la nguzo ukilikata hutoa majimaji yasiyo na rangi. Madungusi yote asili yake ni mabara ya Amerika, isipokuwa moja tu, Rhipsalis baccifera, linaloning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu na ambalo hupatikana pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Halina umbo la nguzo wala miiba ya kutisha, na wengi hupita chini yake bila kujua kwamba wamepita chini ya dungusi.

Mpungate ni dungusi halisi, na watu wa Laikipia nchini Kenya wanaujua kwa uchungu. Uliletwa kutoka ng'ambo kama pambo na ua, ukatoroka, ukameza malisho. Tembo na nyani wanakula matunda yake na kuzisambaza mbegu, na kila kipande kinachoanguka chini huota. Ng'ombe na mbuzi wanaoyala matunda hayo huumia midomo na matumbo kwa miiba midogo. Wafugaji na watafiti wamelazimika kuleta mdudu anayefyonza mpungate ili kupunguza kasi yake. Mzee wa Metztitlán ana tabia tofauti: hukua polepole mno, hachipui kutoka vipande vilivyodondoka, na huchukua miaka mingi kabla ya kutoa mbegu. Hata hivyo habari ya Laikipia ni sababu nzuri ya kuuweka mmea wowote mgeni ndani ya chungu, na kutotupa mabaki yake vichakani.

Sasa nywele zenyewe.

Nywele hizo ni miiba. Ukichukua mmea mchanga wenye urefu wa shibiri moja na kuzitenganisha nywele taratibu kwa kijiti cha mwanzi, utaona shina la kijani lenye mbavu zilizosimama wima, na juu ya kila ubavu mfululizo wa vifundo vidogo vilivyokaribiana. Kila kifundo, ambacho wataalamu wanakiita areoli, kina nywele nyeupe kama 20 hadi 30 zinazoning'inia, na katikati yake mwiba mmoja au miiba kadhaa ya rangi ya manjano, mifupi na mikali. Miiba hii ya katikati haionekani kwa nje. Ndiyo inayomchoma mtu anayeupapasa mmea akidhani wote ni laini, na ndiyo sababu dungusi hili lisiwekwe mahali ambapo mtoto anafikia.

Kazi ya nywele ni kuukinga mmea na hali mbili za korongo. Mchana zinarudisha sehemu ya mwanga wa jua na kulitia shina kivuli. Usiku, wakati baridi ya nyanda za juu inaposhuka, zinapunguza joto linalopotea. Pia zinashikilia hewa tulivu karibu na ngozi ya shina, na hewa tulivu haikaushi haraka kama upepo. Kileleni, ambako ndiko mmea unakokua na ambako tishu ni changa, nywele ni nyingi na ndefu zaidi. Kadiri shina linavyozeeka, sehemu ya chini hupoteza nywele, hugeuka kijivu na kukakamaa. Mwenye mmea asiogope akiona hivyo. Hiyo ni hali yake ya kawaida, na hakuna mbolea itakayorudisha nywele za chini.

Ipo siri nyingine isiyoonekana kwa macho. Kama madungusi mengi, mmea huu hufunga vitundu vyake vya hewa mchana na kuvifungua usiku. Hewa ya kaboni inayoingia usiku huhifadhiwa ndani ya chembehai kama asidi, kisha kesho yake, jua likitoka, mmea huitumia kutengeneza chakula huku milango imefungwa. Kwa njia hiyo hupoteza maji kidogo sana. Mimea yenye utaratibu huu hufurahia usiku wenye ubaridi. Ndiyo maana bustani ya Nairobi, Arusha au Iringa inaufaa kuliko baraza ya Dar es Salaam au Mombasa, ambako usiku una joto na hewa imejaa unyevu. Pwani haishindikani, lakini mtunzaji wa huko ana kazi zaidi.

Mmea wa porini ukifikia kimo cha mita kama sita, upande mmoja wa kilele chake hubadilika. Huota tabaka nene la manyoya na nywele ngumu za rangi ya majani makavu, linaloitwa sefalia. Maua hutoka humo tu. Hufunguka usiku, na popo wanaokunywa nekta huja kuyachavusha. Ndugu yake wa karibu, Cephalocereus columna-trajani wa bonde la Tehuacán, kusini zaidi, ana jambo la kuvutia: sefalia yake huelekea kaskazini na kaskazini-magharibi, na nguzo nzima huinamia upande huohuo. Watafiti wa Mexico waliopima joto la mashina yake wamehusisha mwelekeo huo na upande usiopata jua kali, ambako maua machanga yanasalimika.

Popo nao wameongeza sura mpya kwenye habari ya sefalia. Nchini Ecuador kuna dungusi jingine lenye nywele, Espostoa frutescens, linalochavushwa na popo. Popo hutafuta njia gizani kwa kutoa sauti kali zisizosikika na binadamu na kusikiliza mwangwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba manyoya yanayozunguka maua ya dungusi hilo hufyonza sauti hizo, kwa hiyo ua lenyewe, ambalo linarudisha mwangwi, hujitokeza wazi masikioni mwa popo. Inafurahisha kufikiri kwamba manyoya ambayo mwanadamu huyapenda kwa macho, kwa popo kazi yake ni ya kusikika.

Kwa anayeotesha mmea huu nyumbani, habari za sefalia zina maana moja: asingoje maua. Kwenye chungu mmea unaweza kukaa nusu ya umri wa mtu bila kufikia kimo cha kuchanua. Uzuri wake uko kwenye nywele na kwenye umbo la nguzo, na matunzo yote yalenge hapo.

Udongo ndio wa kwanza, kwa sababu ukikosea hapo hakuna kinachorekebisha. William Hertrich, msimamizi wa bustani za Henry Huntington huko San Marino, California, alilijua hilo mapema. Mwaka 1907 alikuwa na mteremko mkavu ambao ulikataa kila kitu alichopanda, akapendekeza kupanda madungusi. Huntington, tajiri wa reli, hakupenda wazo hilo. Enzi za kujenga reli alikuwa amewahi kukutana kwa maumivu na miiba ya mpungate. Hertrich alisisitiza, na mteremko ule uliokuwa kero ukawa mojawapo ya bustani kubwa za mimea ya jangwani duniani, yenye zaidi ya aina 2,000. Mteremko ulisaidia kwa kuwa maji hayatuami. Hilo ndilo madungusi ya nguzo yanalohitaji kuliko rutuba.

Nyumbani mteremko unatengenezwa ndani ya chungu. Mchanganyiko mzuri una sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, na sehemu mbili au tatu za vitu vinavyopitisha maji: changarawe ndogo, mchanga wa mto wenye chembe kubwa, vipande vya matofali yaliyovunjwa. Mchanga laini wa ujenzi haufai, kwani hushikamana ukawa kama saruji. Wakenya wanaoishi karibu na Naivasha na Longonot wana bahati ya kuwa na mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea majini, ambayo yakipondwa ni bora kuliko changarawe. Kwa kuwa nyumbani kwake ni kwenye chokaa, mmea huu hupokea vizuri vipande vidogo vya mawe ya chokaa ndani ya udongo. Mkazi wa pwani anaweza kutumia mawe ya matumbawe ya zamani yaliyopondwa, mradi yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa chumvi itoke. Chokaa ya kupaka ukuta isiguswe, maana huunguza mizizi.

Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, kisichopakwa rangi, chenye tundu kubwa chini. Kuta zake hupitisha hewa na kukausha udongo kutoka kila upande, jambo ambalo ndoo ya plastiki haifanyi. Uzito wake pia unasaidia: nguzo ya nusu mita kwenye chungu chepesi huangushwa na upepo wa kwanza. Kisiwe kikubwa mno. Vidole viwili kati ya shina na ukingo vinatosha, kwa sababu udongo usio na mizizi hukaa na maji siku nyingi.

Kuhusu jua, sheria ni rahisi lakini inahitaji subira. Mmea unataka jua la moja kwa moja kwa saa nyingi za siku. Ila ule ulionunuliwa dukani, uliolelewa chini ya kivuli cha neti, ukitolewa ghafla kwenye jua la saa sita utaungua, na baka la kuungua halifutiki. Uzoeshwe kwa wiki mbili au tatu, ukianza na jua la asubuhi. Kwenye kivuli kinyume chake hutokea: kilele hukonda na kurefuka, nywele huwa chache, na hata mmea ukirudishwa juani baadaye, kiuno chembamba hubaki hapohapo milele. Wakazi wa ikweta wakumbuke kwamba jua letu hupita juu ya paa. Dirisha linaloelekea kaskazini au kusini hupata jua takribani nusu tu ya mwaka. La mashariki au magharibi hupata asubuhi au jioni. Ukingo wa baraza, au uwanja wenye paa linalopitisha mwanga, ni bora kuliko dirisha lolote.

Maji ndiyo yanayoua. Anayemwagia kikombe kidogo kila asubuhi anaulowesha udongo wa juu bila kufikia mizizi, na wakati huohuo shingo ya mmea haikauki hata siku moja. Korongoni mvua hunyesha kwa nguvu, inapita, kisha ukuta unakauka. Basi mwagilia hivyo: maji mengi hadi yatoke chini ya chungu, kisha usirudie mpaka udongo ukauke wote. Njia ya kuhakikisha ni kuchomeka kijiti cha mbao hadi karibu na kitako cha chungu, kukiacha kwa dakika chache, na kukitoa. Kikitoka na udongo ulioganda au rangi ya unyevu, subiri. Maji yamwagwe kwenye udongo, kamwe yasimwagwe kichwani. Nywele zikilowa mara kwa mara hukamata vumbi, huacha alama za chumvi ya maji ya bomba na kupoteza weupe wake.

Mara ngapi kwa mwezi? Hakuna idadi inayofaa kila mahali, na mwenye kutoa idadi moja kwa Nairobi na Dodoma anapotosha. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kisha miezi mirefu ya ukavu. Utaratibu huo unakaribiana na wa Metztitlán, ingawa miezi imegeuka, na mmea unaweza kukua wakati wa joto na mvua kisha ukapumzika wakati wa kipupwe kwa kupewa maji kidogo sana. Nairobi hatari iko kati ya Juni na Agosti, wakati anga limefunikwa na mawingu siku nzima na udongo haukauki. Hapo maji yapunguzwe mno. Pwani, adui ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei mmea uwe chini ya bati la plastiki linalopitisha mwanga, huku pande zote zikiwa wazi ili upepo upite. Na Waswahili wanaoishi Ulaya au Canada wana msimu wa baridi wa kuupanga: tangu Novemba hadi Machi mmea ukae mahali penye mwanga, pakavu, penye joto lisiloshuka chini ya nyuzi 10, na karibu bila maji kabisa. Mmea mkavu huvumilia baridi ambayo ingeua mmea uliolowa.

Kuoza huanzia chini au kwenye jeraha. Shina hulainika, rangi hubadilika kuwa ya kahawia, na kwa kuwa nywele zimefunika, mwenye mmea hugundua akiwa amechelewa. Ni tabia nzuri kubonyeza kitako cha shina kwa kijiti kila mwezi. Kikiwa kigumu, salama. Kikiwa laini, njia ni moja: kukata kwa kisu kikali kilichosafishwa kwa spiriti, juu ya sehemu iliyooza, na kuendelea kukata vipande vyembamba hadi nyama ya ndani iwe safi bila hata doa. Kilele kilichobaki kianikwe kivulini, mahali pakavu, kwa wiki kadhaa mpaka kidonda kifunge kabisa, ndipo kisimamishwe juu ya changarawe kavu kutafuta mizizi. Si kila kilele hupona. Dungusi hili halitoi mizizi kwa wepesi wa mpungate, na anayeambiwa na muuzaji kwamba litashika "kama mhogo" asiamini.

Mmea wenyewe si dhaifu moja kwa moja. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliokuza chembehai za dungusi hili maabara walichapisha kwamba chembehai hizo, zikiguswa na kitini, dutu iliyomo kwenye kuta za kuvu na maganda ya wadudu, hutengeneza kemikali ya kujilinda. Lakini ulinzi huo haushindi chungu kilichojaa tope.

Wadudu wanaosumbua zaidi ni vidung'ata. Ni wadogo, wamejipaka nta nyeupe, na kwenye mmea mweupe hakuna maficho bora kuliko haya. Huwezi kuwaona kwa kutazama tu. Kinachohitajika ni mwanga mzuri wa asubuhi, kijiti, na uvumilivu wa kutenganisha nywele ubavu baada ya ubavu, ukianzia kileleni na kuishia shingoni. Dalili ni uvimbe mweupe unaonata, tofauti na nywele zinazoteleza, na wakati mwingine sisimizi wanaopanda na kushuka, maana wanafuata utamu ambao vidung'ata hutoa. Brashi ndogo iliyochovywa kwenye spiriti huwaua papo hapo. Kazi irudiwe baada ya siku saba hadi kumi, kwa kuwa mayai huanguliwa. Kuna vidung'ata wengine wa mizizini. Hao hugunduliwa wakati wa kubadili chungu, kama unga mweupe kwenye mizizi.

Wapo wakuzaji wanaoosha nywele za mmea, na jambo hili si upuuzi. Vumbi la mjini hugeuza mvi kuwa rangi ya udongo, na nywele zenye vumbi haziakisi mwanga vizuri. Kuosha kufanywe asubuhi ya siku ya jua na upepo, wakati wa msimu wa kukua. Udongo ufunikwe kwa mfuko wa plastiki uliofungwa shingoni, mmea ulazwe kidogo upande, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo yapitishwe kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini. Kisha suuza kwa maji ya mvua hadi povu liishe, na uache mmea juani ukauke kabla ya usiku. Mara moja kwa mwaka inatosha. Asiyekuwa na hakika ya jua la kutosha siku hiyo, bora aache vumbi lilivyo.

Chungu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwanzoni mwa msimu wa joto, udongo ukiwa mkavu. Shina livingirishiwe gazeti lililokunjwa mara kadhaa, na glavu za ngozi zivaliwe. Mizizi iliyovunjika ipewe wiki moja ya kupona kabla ya maji ya kwanza. Wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa mmea uliokuwa mzima unapooza baada ya kuhamia nyumba mpya.

Kwa mwenye moyo wa kungoja, mbegu ndiyo njia bora na ya haki zaidi. Mmea huu mara chache hutoa matawi, hivyo vipandikizi ni haba. Mbegu ni nyeusi na ndogo sana. Hutandazwa juu ya udongo laini uliochemshwa au kupikwa kwa mvuke ili kuua kuvu, bila kufukiwa, kwa sababu zinahitaji mwanga ili kuota. Chombo hufunikwa kwa plastiki na kuwekwa mahali penye mwanga usio wa jua kali, kwenye joto la nyuzi 21 hadi 27. Miche ya kwanza huonekana baada ya wiki moja hadi chache: vitone vya kijani visivyo na umbo la nguzo wala nywele. Huhitaji unyevu miezi ya mwanzo, kinyume kabisa na wazazi wao, kisha hewa huongezwa kidogo kidogo. Nywele hujitokeza, na kuanzia hapo mtunzaji hupimiwa furaha yake kwa sentimita chache kwa mwaka.

Kuna wanaofupisha safari kwa kupandikiza mche juu ya shina la dungusi jingine linalokua haraka. Inaleta matokeo; mche hukua mara kadhaa zaidi. Lakini hunenepa kupita kiasi, mbavu huachana, na nywele zilizopaswa kukaribiana hutawanyika. Kwa anayetaka kuokoa mche dhaifu, upandikizaji ni msaada mkubwa. Kwa anayetaka uzuri wa mmea wenyewe, mizizi yake ya asili haina mbadala.

Wakati wa kununua, jicho liwe makini, kwa kuwa masokoni wazee ni wengi. Espostoa lanata, wa kusini mwa Ecuador na kaskazini mwa Peru, huuzwa mara nyingi kwa jina hilohilo la mzee. Manyoya yake yamesukana kama utando wa pamba, na kwao yamewahi kutumika kujazia mito. Ya Metztitlán ni nywele ndefu zinazoning'inia wazi. Espostoa hukua haraka zaidi na si chaguo baya kwa anayeanza; kosa ni kulipia bei ya mmea mmoja na kupewa mwingine.

Kosa kubwa zaidi ni kununua mmea ulioibwa porini. Cephalocereus senilis umo kwenye orodha ya IUCN ya mimea iliyo hatarini kutoweka, na sheria ya Mexico inaulinda. Mwaka 2000 serikali ya nchi hiyo ilitangaza hifadhi ya Barranca de Metztitlán, zaidi ya hekta 96,000, na mwaka 2006 UNESCO ikaitambua kama hifadhi ya bayosfia. Lakini mpaka wa hifadhi haumzuii mtu mwenye sururu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015 uliotathmini zaidi ya aina 1,400 za madungusi ulikuta asilimia 31 ziko hatarini, na biashara ya mapambo ikiwa miongoni mwa sababu kuu. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata zaidi ya madungusi 1,000 yaliyong'olewa kwenye jangwa la Atacama, Chile. Mwaka uliofuata zaidi ya 800 yalirudishwa kwao. Aliyeyanunua mengine kabla ya hapo, pengine alidhani anapenda mimea.

Mmea uliolelewa kwenye kitalu una shina safi, mizizi iliyoenea sawasawa kwenye chungu, na kimo kidogo. Uliong'olewa porini mara nyingi una kitako kikavu cha kijivu, makovu ya mawe, mizizi minene iliyokatwa kwa panga, na kimo ambacho hakuna kitalu kingeweza kukifikisha kwa bei ile. Karibu madungusi yote yanaongozwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo mmea unaovuka mpaka wa nchi unahitaji hati zake, hata kama ni zawadi ndani ya begi. Mbegu za madungusi mengi husafiri bila kibali, lakini zile zinazotoka Mexico hazina msamaha huo. Anayeagiza kwa barua kutoka ng'ambo amuulize muuzaji mbegu zilivunwa wapi, aombe nakala ya cheti kabla ya kulipa, na aulizie pia masharti ya mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake, maana kifurushi kisicho na karatasi huishia kuchomwa pale forodhani.